Saundi Kadi ya Milioni Haiimbi: Wakubwa, Acheni Kuwapiga Madogo

Leo sina umbea wa nani kaachana na nani, wala nani kaposti gari la kukodi akasema la kwake. Leo nina povu, na nimelibeba wiki ya tatu sasa. Naombeni nilitoe kabla halijanipasukia kifuani.

Kuna prodyuza mmoja mkubwa hapa mjini. Jina kapuni, ila mkisikia ngoma zake mnacheza wote mpaka na mashemeji. Huyu bwana tumwite Mkubwa. Wiki kadhaa zilizopita Mkubwa kaweka video Insta, kakaa mbele ya mitambo inayowaka taa kama uwanja wa ndege, kavaa cheni, kasema hivi: kama unarekodi na saundi kadi ya chini ya milioni moja, usijiite msanii, wewe unacheza. Akamalizia kwa kuwaelekeza watu duka la kwenda kununua.

Maelfu ya lovu. Madogo wanakomenti "fact bro", "somo limeingia". Mimi nikaishika simu nikacheka. Halafu siku nne baadaye nikaacha kucheka.

DOGO WA MBAGALA

Kuna dogo mmoja kule Mbagala, jirani wa binamu yangu. Ana miaka kumi na tisa, anachana, na ana sauti ile nzito ambayo ukiisikia unageuka kuangalia ni nani. Alikuwa na laki nne zake alizozipata kwa kubeba zege. Kaiona ile video. Kamfuata mama yake, mama wa watu anauza chapati na supu asubuhi, akamwambia mama, nikipata kifaa hiki nimetoka. Mama akaenda kwenye kikoba chake akakopa milioni moja. Dogo akapanda daladala mpaka kwenye lile duka akiwa na milioni moja na laki nne kwenye soksi.

Karudi na boksi zuri kweli. Saundi kadi ya kuingiza vitu vinane kwa mpigo. Matundu manane mbele na nyuma! Yaani ukiwa na bendi nzima, mpiga drams, mpiga besi, gitaa mbili na waimbaji watatu, wote wanaingia.

Dogo yuko peke yake.

Na hela imeisha. Maiki hana. Hedifoni hana. Ile siku binamu yangu ananipigia simu niende nikamsaidie kuiunganisha, namkuta dogo anarekodi kwa maiki ya eafoni za simu alizochomeka moja kwa moja kwenye laptopu, ile mashine ya milioni na laki nne iko pembeni inawaka taa tu. Mama yake yuko mlangoni anatuangalia. Akaniuliza, "Mwanangu, hiki kidude kinaanza kuingiza hela lini? Maana rejesho ni Jumamosi."

Sikuwa na jibu. Wewe ungemjibu nini?

Kwa hiyo hii makala naiandika kwa ajili ya yule mama, na kwa madogo wote ambao wako njiani kwenda Kariakoo na hela ya mtu mwingine mfukoni. Someni mpaka mwisho, ndio mkaamue.

KWANZA TUELEWANE, HIKI KIDUDE KINAFANYA NINI

Wenyewe wanaita odio intafesi. Sisi mtaani tunaita saundi kadi, na tunaelewana. Kazi yake haina uchawi. Maiki inatoa umeme mdogo sana, hafifu. Saundi kadi inaukuza ule umeme, halafu inaugeuza kuwa namba ambazo kompyuta inazielewa, inazipitisha kwenye waya wa USB. Ukicheza ulichorekodi, inafanya kinyume chake: inachukua namba, inazirudisha kuwa umeme, unasikia kwenye hedifoni au spika. Basi. Inakuza, inageuza, inarudisha.

Haitungi mashairi. Haikufundishi kukaa kwenye biti. Haikuondolei feni, jogoo wa jirani na bati linalopigwa na mvua. Ukiingiza matope kwenye saundi kadi ya milioni tano, yanatoka matope masafi.

Sasa wauzaji wanakuja na namba. "Hii ina 192, ile ina 48 tu." Ngoja niwape hesabu wasiyowapa. Sikio la binadamu mzima, tena kijana mwenye afya, linasikia mpaka kama mizunguko 20,000 kwa sekunde. Ili kuinasa sauti hiyo vizuri unahitaji kuipima zaidi ya mara mbili ya hapo kila sekunde. Ndio maana CD, tangu zilipoanza kuuzwa 1982, zinatumia 44,100. Ukirekodi kwa 48,000 umeshavuka kila kitu ambacho sikio lako na la shabiki wako linaweza kusikia. Hiyo 192,000 kwa dogo wa geto kazi yake kubwa ni kujaza diski na kuichosha laptopu ambayo tayari inahema.

Namba yenye maana zaidi ni ya biti. Saundi kadi nyingi za kawaida siku hizi zinarekodi biti 24, na hiyo inakupa nafasi ya kutosha kurekodi sauti ikiwa chini kidogo bila kuleta mshindo wa "shhhh". Biti 24 na 48,000 unazipata kwenye vile viboksi vidogo vya tundu moja au mawili vya makampuni yanayoeleweka, kina Focusrite, Behringer, PreSonus, M-Audio na wenzao. Siuzi hata kimoja, wala sijalipwa. Nataja ili ujue pa kuanzia kutafuta.

NILICHOKIONA KWA MACHO YANGU

Sasa hapa ndio pa kunishitaki. Mwezi uliopita nilimsindikiza mshikaji wangu mmoja kwenda kuingiza voko kwenye studio ya huyo huyo Mkubwa. Ndiyo, yeye mwenyewe. Nikakaa kwenye kochi, nikatulia kama sipo. Unajua maiki ya mshikaji wangu ilichomekwa wapi? Kwenye kiboksi chekundu kidogo cha matundu mawili, kipo juu ya meza karibu na chupa ya maji. Ile mitambo ya taa iliyoonekana kwenye video ilikuwa imezimwa, tena moja ilikuwa na vumbi ungeweza kuandika jina lako. Nikamuuliza msaidizi wake kwa sauti ya chini, ile mbona haiwaki? Akacheka. "Ile ya kamera, kaka."

Ya kamera! Wewe umekopa kikoba, yeye ana mitambo ya kamera.

Na ile ngoma ikatoka, na mnaicheza. Hakuna hata mmoja wenu aliyesema "hii imerekodiwa kwenye kiboksi kidogo". Kwa sababu haisikiki hivyo. Kilichosikika ni chumba kilichotulia, mwimbaji aliyejiandaa, na mtu anayejua kumiksi. Hivyo vitatu Mkubwa anavyo, na hakuvitaja kwenye video hata kimoja, kwa sababu duka haliviuzi.

Msidhani ni Bongo tu. Albamu ya kwanza ya Billie Eilish ya 2019, ile iliyobeba Grammy ya Albamu Bora ya Mwaka mapema 2020, sehemu kubwa ilirekodiwa chumbani kwa kaka yake nyumbani kwa wazazi wao, Los Angeles. Sisemi walitumia takataka, vifaa vyao vilikuwa vizuri. Nasema kilikuwa chumba cha kulala, na jopo la Grammy halikuuliza mlangoni kuna kitanda. Steve Lacy naye, mpiga gitaa wa Marekani, alikuwa anatengeneza biti kwenye iPhone, gitaa limechomekwa kwa kale kakifaa kadogo kanaitwa iRig. Kazi yake imo kwenye wimbo wa Kendrick Lamar kwenye albamu ya DAMN. ya 2017. Simu jamani. Simu na kaintafesi kanakoingia mfukoni.

"LAKINI BLOGA WEWE NI NANI?"

Najua komenti inakuja, ngoja niijibu kabisa. Mimi ni mtu wa Fomu Foo niliyejifunza YouTube kwa bando la usiku. Sijasoma chuo cha sauti. Na nilipigwa kabla yenu.

Saundi kadi yangu ya kwanza ilikuwa kile kiboksi chenye vitufe vya makofi, vicheko na sauti ya katuni. Mnakijua. Nilikiona kwenye TikTok kwa dada mmoja mwenye wafuasi wengi, jina kapuni naye, akisema "studio kamili kwa bei ya pea ya viatu". Nikakimbia. Nimefika nyumbani, nikagundua kile kidude ni cha watu wa laivu, wa kuongea na kupiga makofi. Mlango wa maiki ni ule mdogo wa eafoni. Volti 48 zinazohitajika na maiki za kondensa haitoi. Mshindo wake ulikuwa kama mtu anakaanga samaki nyuma yangu. Nilirekodi nacho ngoma mbili, na zote mbili zina makofi sehemu ambayo sikupanga, kwa sababu nilikigusa kwa kiwiko.

Kwa hiyo siji hapa kuwaambia nunueni cha bei ya chini kabisa. Kile nacho ni wizi, ila ni wizi wa laki moja. Kuna mdanganyifu wa juu anayekwambia bila milioni huna sauti, na mdanganyifu wa chini anayekwambia elfu hamsini inatosha. Wote wana cha juu yao dukani. Ukweli umekaa katikati, na hauna mtu wa kuutangaza kwa sababu hauna kamisheni.

Na nikubali lingine, maana sitaki kuonekana nabisha kila kitu. Saundi kadi kubwa zina kazi zake. Kama unarekodi bendi laivu, drams peke yake inakula maiki nane, matundu mawili hayatoshi. Kama una studio ya biashara na wasanii wanataka wajisikie na otochuni papo hapo wakiimba, kuna zile kama Universal Audio Apollo ambazo zinachakata sauti ndani ya boksi lenyewe bila kuisubiri kompyuta. Anayezihitaji anajua kwa nini anazihitaji. Ukiona mtu anakwambia ununue halafu hakukuuliza unarekodi nini, unarekodi wapi, na laptopu yako ikoje, huyo si mshauri, huyo ni dalali.

SASA UNUNUE NINI

Jiulize swali moja: kwa mpigo mmoja, vinaingia vitu vingapi? Kama ni wewe na sauti yako, tundu moja linatosha. Kama unaimba huku unapiga gitaa, au unafanya podikasti ya watu wawili, matundu mawili. Usinunue matundu ya watu ambao hawajaja.

Pili, igawe hela yako. Usiimalize kwenye saundi kadi. Maiki, waya wa XLR, hedifoni za kufunika masikio na stendi, vyote viko kwenye bajeti hiyo hiyo. Ukishindwa kununua vyote, subiri mwezi mwingine. Kusubiri hakuna riba.

Tatu, maiki ilingane na chumba. Hizi kondensa zinasikia kila kitu, mpaka mama mwenye nyumba akipiga mswaki. Kama geto lako liko jirani na baa au gereji, chukua dainamiki, unaimba ukiwa karibu nayo na kelele za mbali zinapungua. Shure SM58 iko sokoni tangu 1966 na haihitaji zile volti 48. Ila angalieni, feki zake zimejaa. Na kwa wale wa podikasti mnaotamani ile nyeusi kubwa inayoonekana kwenye kila mahojiano, Shure SM7B, mjue inahitaji kukuzwa sana, kama desibeli 60 hivi. Ukiichomeka kwenye kiboksi chenye nguvu ndogo, unafungulia mpaka mwisho na bado unasikika kama uko Kibaha.

Nne, pale dukani usinunue kwa macho. Nenda na laptopu yako na hedifoni zako. Chomeka. Fungulia geini mpaka robo tatu bila maiki, sikiliza: ikiunguruma au ikichemka kupita kiasi, rudisha. Washa kitufe cha 48V, chomeka maiki ya kondensa yao, ongea. Ingia kwenye tovuti ya kampuni uangalie kama draiva yake ipo kwa mfumo wa laptopu yako. Angalia namba ya boksi na namba ya mgongoni zifanane. Na kama ni mtumba, muulize muuzaji kama ameshaisajili, kwa sababu nyingi zinakuja na programu za kurekodia bure, na zikishasajiliwa na mwingine wewe huzipati. Muuzaji akikataa usijaribu, mwambie ahsante kaka, toka. Kariakoo ina maduka mengi.

Wenye simu tu, msilie. Saundi kadi nyingi za USB zinaingia kwenye simu kwa kale kawaya ka OTG, ingawa simu nyingine hazitoi umeme wa kutosha, inabidi uweke habu yenye chaja yake. Programu kama BandLab ni ya bure. Anza nayo.

NA UKISHANUNUA, ITUMIE KAMA MTU

Hapa ndipo wengi tunapokufa. Kwa ujinga wangu mwenyewe, niliwahi kuchukua kazi ya kwaya ya mtaani, elfu sitini. Nikafungulia geini nikiamini taa ikiwa nyekundu ndio sauti inajaa. Wale akina mama wakaimba kwa moyo wote, mistari minne, wengine wametoka kazini hawajala. Nafika nyumbani, kila walipopandisha sauti imepasuka. Nikahangaika usiku mzima na plagini. Sauti ikishapasuka wakati wa kurekodi, haishoneki. Nikarudisha elfu sitini, na yule mwalimu wa kwaya mpaka leo tukikutana ananisalimia kwa ufupi.

Kwa hiyo sikieni. Mwimbaji aimbe sehemu anayopiga kelele kuliko zote, wewe rekebisha geini hapo, kilele kiishie kati ya minasi 12 na minasi 6. Taa ya kijani ndio rafiki yako. Ukiona nyekundu, simamisha, anza upya.

Kama unajisikia umechelewa, yaani unaimba "nakupenda" na hedifoni inakujibu "nakupenda" baadaye kama mwangwi wa bondeni, hilo ni bafa. Bafa ya 1,024 ni karibu milisekunde 23 kwa njia moja tu, bado hujahesabu kurudi. Ishushe 128 wakati wa kurekodi, hiyo ni kama milisekunde 3. Ukienda kumiksi irudishe juu ili laptopu ipumue. Kwenye Windows tumia draiva ya ASIO ya kampuni iliyotengeneza saundi kadi yako. Na kama ina kitufe cha dairekti monita, kibonyeze, unajisikia moja kwa moja kabla sauti haijaenda kwenye kompyuta.

Ukisikia mngurumo wa "mmmmmm" kila ukichomeka chaja ya laptopu, saundi kadi haijafa. Nyumba nyingi za kupanga ule waya wa erthi ni pambo. Chaji ijae, chomoa chaja, rekodi kwa betri. Zima friji dakika kumi, zima feni, vumilia jasho. Na zile trei za mayai mnazobandika ukutani hazizuii kelele ya nje wala hazimezi besi. Tundika mablanketi mazito, simamisha godoro nyuma yako, au imba umeelekea kabati lililojaa nguo. Mimi voko zangu bora nimerekodi kati ya saa nane na saa kumi usiku, jogoo hajaamka na baa imefungwa.

HII ISHU NI KUBWA KULIKO WAYA

Sasa niseme lile linaloniuma zaidi. Jiulizeni, Mkubwa anafaidika nini madogo wakiamini bila milioni hawawezi kurekodi nyumbani? Mbali na cha juu ya duka, anafaidika na foleni. Asiye na milioni atarudi kwake, atalipa kwa ngoma, atasubiri miezi, atabembeleza.

Na kwa wadada foleni hiyo ina bei nyingine. Nimeongea na watatu kwa nyakati tofauti, hawajuani, majina yao yanabaki kwangu. Wote watatu wameitwa "studio" saa nane usiku, peke yao, na prodyuza tofauti. Mmoja aligoma, demo yake ikafutwa, akaambiwa diski iliharibika. Hiyo inaitwa rushwa ya ngono, tusiipake rangi. Yule aliyefutiwa demo sasa hivi ana kiboksi cha tundu moja na maiki, anarekodi chumbani kwao mdogo wake akiwa kalala, anatuma voko kwa meseji, biti inarudi. Hajamwona prodyuza uso kwa uso tangu mwaka jana. Aliniambia, "Kaka, mimi hiki si kifaa, hiki ni mlango wenye komeo kwa ndani."

Ndio maana nakasirika mtu akija na cheni yake kuwaambia watu kama huyu dada kwamba kiboksi chake ni mchezo. Ukimvunja moyo akaacha, hujalinda ubora wa muziki. Umemrudisha kwenye ile foleni.

DOGO KAISHIAJE

Tulirudi dukani na risiti. Walikataa. Tukaiuza ile mashine kwa mtu wa bendi ya kanisani, anayejua matumizi ya matundu manane. Laki nane na nusu. Kwenye hiyo tukachukua ya matundu mawili mtumba laki mbili na themanini, maiki dainamiki laki moja na ishirini, hedifoni elfu tisini, waya na stendi elfu hamsini. Ikabaki laki tatu na elfu kumi. Dogo akampelekea mama yake yote, sikumwambia, kaamua mwenyewe.

Laki tano na nusu imeyeyuka. Hesabuni ni chapati ngapi.

Ngoma yake bado haijatoka. Ila dogo anajilipia rejesho. Mnajua yale matangazo ya spika za madukani, "njoo ujionee mwenyewe, bei ya kutupa, ukichelewa utasimuliwa"? Ile sauti nzito ndio inayotangaza viatu na vyombo mitaa mitatu kule Mbagala sasa hivi. Anarekodi tangazo elfu kumi, godoro limesimama nyuma yake. Juzi nimepita, nimemkuta mama anachoma chapati huku spika ya duka la jirani inanguruma. Akaninyooshea kijiko, akaniambia, "Unamsikia mwanangu huyo?"

Mkubwa, kama unasoma, na najua unasoma kwa sababu ulinibloku halafu ukaniangalia kwa akaunti nyingine, nina ombi dogo. Weka video ya pili. Ile mitambo iwe imezimwa kama ilivyo kweli, kamera igeukie kile kiboksi chekundu. Waambie madogo ulichotumia. Hutapungukiwa shoo hata moja.

Na wewe uliye na hela ya kikoba mfukoni, irudishe leo ukalale. Kesho tuanze na tundu moja.

Komenti ziko wazi. Umepigwa kiasi gani, na uliambiwa na nani? Majina kapuni, hadithi leteni. Povu ruksa.